Kiingereza cha Bandani: Mwenye Mzigo Aongee Mwenyewe

Hotuba ya mwanachama wa tawi la Dar es Salaam katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama chetu cha maendeleo

  

Mnanijua kama mtu wa mahesabu. Kila mwaka nasimama hapa kusoma mapato na matumizi, na nikimaliza mnapiga makofi, nadhani kwa sababu chakula kinafuata. Leo Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya jambo lingine, nami nimekubali kwa sababu lina deni langu ndani yake. Naomba mnisikilize kwa dakika chache, kisha mtanihukumu.

Kamati ya uchumi imetuletea pendekezo kwamba mwaka ujao tupeleke viungo vyetu kwenye maonesho ya Sabasaba kwa nguvu zaidi: pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini. Hilo hakuna anayelipinga. Tunachobishania ni swali moja: wageni watakapofika bandani, nani ataongea nao? Wapo wenzetu wanaosema tumkodi msemaji, kijana mwenye Kiingereza kizuri, asimame mbele na wakulima wakae nyuma wakifunga vifurushi. Pendekezo hilo limetolewa kwa nia njema. Mimi nalipinga, na nitaeleza kwa nini.

Miaka miwili iliyopita kikundi cha akina mama kutoka kwetu kilipata kona ndogo kwenye banda la pamoja pale Barabara ya Kilwa. Sabasaba huanza tarehe 28 Juni na kumalizika tarehe 13 Julai, siku 16 za vumbi, muziki na watu. Niliomba ruhusa kazini siku mbili nikawasaidie. Nilivaa tai. Mwenye kusimamia meza alikuwa mama mmoja ambaye wengi hapa mnamfahamu. Mimi namwita shangazi, na yumo humu ukumbini, amenipa ruhusa kulisema hili.

Siku ya pili akaja mnunuzi kutoka Uholanzi. Shangazi hakusema neno. Alimimina pilipili manga kwenye sahani nyeupe, akazisambaza kwa kiganja ili zionekane hazina vumbi wala vikonyo, akamsogezea. Yule bwana akachukua punje moja, akaivunja kwa meno, akanusa, akatabasamu. Biashara ilikuwa imeanza bila Kiingereza. Kisha akauliza tunazo kiasi gani. Shangazi akanigeukia mimi kwa sababu ndiye niliyevaa tai.

Ndugu zangu, Kiingereza kilinitoka kama maji ya bomba. Nikamwambia tunaweza kumpa kiasi chochote anachotaka. Akauliza, tani tano? Nikajibu, "No problem." Kila mwezi? Nikajibu tena, "No problem." Akaandika kwenye kijitabu chake, akatupa kadi yake, akaondoka ameridhika. Shangazi akaniuliza, "Umemwambia nini?" Nikamjibu kwamba nimemwambia mzigo upo wa kutosha. Akasema, "Wa kutosha nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Ghalani kwao siku hiyo zilikuwepo kilo 640. Hazikufika hata tani moja.

Wiki iliyofuata alituma barua pepe akiomba profoma ya tani tano na ratiba ya kusafirisha. Sikujibu. Akatuma ya pili. Sikujibu, kwa aibu. Ya tatu ilikuwa fupi: aliandika kwamba anaona hatuko tayari, na kwamba anasikitika, kwa kuwa kwa kuanzia kilo 500 tu zingemtosha. Kilo 500, nasi tulikuwa na 640! Akina mama wakauza mzigo ule kwa mchuuzi aliyefika kijijini, kwa bei iliyopungua shilingi 3,000 kila kilo ukilinganisha na ile aliyokuwa tayari kulipa Mholanzi. Zidisha kwa 500: shilingi 1,500,000. Hasara hiyo haipo kwenye daftari lolote nililowahi kuwasomea. Naiandika leo.

Nilipomwomba shangazi radhi alinijibu kwa maneno ambayo sijayasahau: "Wewe ulikuwa na Kiingereza, mimi nilikuwa na pilipili. Ungeniuliza tu."

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mgeni anayekuja bandani hanunui Kiingereza, ananunua mzigo. Anachotaka kujua ni ubora, kiasi, bei, muda, na kama neno lako ni la kutegemewa. Majibu ya hayo yote anayo mkulima, si msemaji. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kumfundisha mkulima Kiingereza kidogo cha bandani kuliko kumfundisha msemaji pilipili. Nakiita kidogo kwa sababu ni kidogo kweli. Nimekaa na akina mama na vijana, tumekiandika chote, na kimeenea kurasa mbili za daftari. Nitawapitisha humo.

Kwanza ni kukaribisha. Sisi tunasema "Karibu, karibu" na tunadhani tumemaliza. Kisha tunaanza kueleza: shamba liko wapi, kikundi kilianzishwa lini, mgeni wa heshima alikuwa nani. Mgeni ana mabanda mengine mia ya kupitia. Baada ya salamu, muulize yeye: "What do you buy?" Maneno manne tu. Akisema hanunui, anatembea tu, mpe kipeperushi na tabasamu, umwache aende salama. Akisema ananunua viungo, endelea: kiungo gani, kiasi gani, lini, kwa nchi gani. Anayeuliza vizuri haonekani mjinga, anaonekana mfanyabiashara. Na uzuri wa kuuliza ni kwamba maneno mengi yatatoka kwa mgeni, wewe utaandika tu.

Hapa niongeze jambo. Usidhani kila mgeni ni mtu wa Kiingereza. Mholanzi yule si lugha ya mama yake, alijifunza shuleni kama mimi. Mhindi, Mchina na Mturuki wanaokuja Sabasaba wengi wao wanatafuta maneno kama sisi. Wengine hata hawakihitaji. Mwaka jana kijana wetu mmoja alimhangaikia mzee mmoja wa Muscat kwa Kiingereza cha kujikaza, jasho linamtoka, hadi mzee akacheka na kumwambia kwa lafudhi safi ya Unguja, "Mwanangu, sema Kiswahili, mie nakuelewa." Oman wapo watu wengi wanaokisema. Na kumbukeni kwamba tarehe 7 Julai, Sabasaba yenyewe, ndiyo siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa hiyo anza kwa kuuliza kama mgeni anasema Kiswahili. Si dharau kwa Kiingereza. Ni akili ya biashara.

Pili ni namba, na hapa naomba mniachie nafasi kidogo kwa sababu ni shamba langu. Kosa la sarufi halimfilisi mtu, lakini kosa la namba linaweza. Masikio yetu husikia "fifteen" na "fifty" kama neno moja, na "thirteen" na "thirty" vilevile. Kati ya 15 na 50 kuna ada ya shule ya mtoto. Kanuni yetu ni hii: namba haisemwi tu, inaandikwa. Iandike kwenye karatasi au ibonyeze kwenye kikokotoo, mwoneshe, asubiri kutikisa kichwa mpaka aione. Na muwe macho na nukta. Mholanzi au Mjerumani huandika 1.500 akimaanisha elfu moja na mia tano, mahali ambapo sisi tungeandika 1,500. Ukiona nukta, uliza.

Kipimo pia kitajwe. Gunia si kipimo, maana gunia la Zirai na gunia la Misalai si ndugu. Sema kilo, au tani, na tani moja ni kilo 1,000. Bei isemwe na mambo matatu: ya kilo moja, kwa fedha gani, na mzigo ukiwa wapi. Bei ya mzigo ukiwa ghalani Amani si bei ya mzigo ukiwa melini katika Bandari ya Tanga. Wanunuzi wana herufi zao za kulisema hili. Akikwambia FOB Tanga, anataka bei ambayo ndani yake mna gharama zako zote hadi mzigo upakiwe melini hapo Tanga. Nauli ya bahari na bima ni juu yake. Ukimtajia bei ya ghalani naye akaandika FOB, usafiri, ushuru na kazi za bandari umejitwisha mwenyewe. Herufi tatu zinaweza kula faida ya msimu mzima.

Tatu ni mitego ya lugha yetu wenyewe. Kuna mambo ambayo kwa Kiswahili ni sahihi kabisa, ukiyapeleka kwenye Kiingereza neno kwa neno yanageuka uongo. Mgeni mmoja alimuuliza kijana wetu kama bado hatujapata cheti cha afya ya mimea, kile kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Aliuliza kwa mtindo wa kukanusha: hamna cheti bado? Kijana akajibu, "Yes." Kwetu ni sawa: ndiyo, hatuna. Kwa Mwingereza "Yes" hiyo maana yake tunacho. Mgeni akaandika tunacho. Kesho yake akaja kukiona, hakipo. Alituona waongo, na kijana hakuwa amedanganya hata kidogo. Dawa yake ni kutojibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "We have it," au "We don't have it yet."

Mtego mwingine ni saa. Tulipanga kukutana na mgeni saa tatu asubuhi, tukamwambia "three o'clock". Tukamngoja hadi tukachoka. Yeye alifika saa tisa alasiri, kwa miadi yake sahihi kabisa, akakuta meza ina mtoto anayelinda begi. Njia rahisi ni kutazama saa ya ukutani: mshale mfupi ukiwa kwenye 9, wewe unasema saa tatu, lakini Mwingereza anasoma namba ileile anayoiona. Basi msomee namba ya mshale, uongeze kama ni asubuhi au jioni. Bora zaidi, iandike.

Na mgeni akijikwaa kwenye kamba ya hema, sisi tunamwambia "Sorry" kwa maana ya pole. Yeye anaweza kudhani wewe ndiye uliyemtega. Mtego huu hauleti hasara. Nimeutaja tucheke kidogo.

Nne ni maneno ya mzigo wenyewe. Mnunuzi wa pilipili manga atauliza juu ya unyevu, na wengi hutaka usizidi asilimia 12 au 13. Atauliza uzito wa punje, yaani lita moja ina gramu ngapi, kama ni 500 au 550. Msemaji wa kukodi akisikia hayo ataduwaa. Lakini shangazi yangu amekuwa akipeta pilipili tangu mimi sijazaliwa. Anajua punje changa ni nyepesi na zinaruka na upepo. Anajua punje iliyokauka inavunjika kwa mlio, na ambayo haijakauka inabonyea. Elimu anayo. Alichokosa ni maneno kama "dry", "heavy", "light", na kipima unyevu cha kuweka namba juu ya kile ambacho mkono wake tayari unakijua. Maneno hayo yanafundishika kwa wiki moja. Upetaji ule haufundishiki kwa wiki moja.

Tano, na hili ndilo ningelipata mimi mapema, pilipili ile ingefika Uholanzi: ni kujifunza kusema hujui. "I don't know. I will ask and write to you tomorrow." Sisi tumelelewa kutomkatalia mgeni. Mgeni akiomba, tunasema tutajaribu, inshallah, tutaona, kwa adabu, na kwetu kila mtu anaelewa uzito wa neno hilo. Mnunuzi wa nje halielewi hivyo. Akisikia ndiyo, anakwenda kuahidi wateja wake. Kumwambia "tuna kilo 640, msimu ujao tunatarajia zaidi" si kumvunja moyo. Ni kumpa kitu cha kupigia hesabu. Na kama ameongea haraka, mwombe arudie polepole. Hakuna mnunuzi aliyewahi kukasirika kwa kuombwa arudie bei.

La mwisho ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila meza iwe na kaunta buku moja, na kila mgeni wa maana aandikwe papo hapo, kabla hajafika wa pili: jina lake, nchi, anachotaka, kiasi gani, lini, na sisi tumemwahidi nini. Hiyo safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Jioni kabla ya kufunga, mtu mmoja asome safu hiyo kwa sauti na wote wasikie tumeahidi nini. Ndani ya siku mbili kila aliyeandikwa apate barua pepe au ujumbe wa WhatsApp wa mistari mitatu: tulikutana wapi, tuna nini, hatua inayofuata ni ipi. Kama jibu ni hatuna, aandikiwe hatuna. Barua ya "hatuna" ingeniletea jibu la "kilo 500 zinatosha." Ukimya wangu ulileta hasara.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya kawaida, yaani fedha.

Msemaji wa kukodi, kwa makadirio ya kamati, ni shilingi 100,000 kwa siku. Kwa siku 16 ni shilingi 1,600,000. Tarehe 13 Julai jioni ataondoka na Kiingereza chake, na mwaka unaofuata tutamlipa tena.

Pendekezo langu ni darasa. Watu 12 kutoka vikundi vyetu, nusu akina mama, nusu vijana, wiki sita kabla ya Sabasaba, siku tatu kwa wiki, jumla siku 18. Litafanyika ghalani penye mzigo, si darasani penye ubao tu: mmoja awe mnunuzi, mwingine muuzaji, kisha wabadilishane. Mwalimu mstaafu wa kwetu amekubali kuwafundisha kwa posho ya shilingi 30,000 kwa siku. Hiyo ni 540,000. Nauli na chai ya wanafunzi ni shilingi 5,000 kwa kila mmoja kwa siku. Hiyo ni 1,080,000. Madaftari na karatasi ni 80,000. Kipima unyevu kimoja cha kutumiwa na vikundi vyote tumekiwekea 600,000. Jumla shilingi 2,300,000. Ni zaidi ya msemaji kwa shilingi 700,000, sitawaficha. Lakini baada ya maonesho watu 12 wanarudi Muheza na Kiingereza chao na kipimo chao, na Agosti wanaweza kwenda nacho Nane Nane pale Morogoro bila kutuomba hata shilingi ya somo.

Mtaniuliza, je, wiki sita zinatosha mtu aliyeishia darasa la saba? Hazitoshi kuandika hotuba wala kusoma mkataba. Mkataba tutasoma sisi wenye vyeti, ndiyo kazi tuliyosomeshwa na kijiji hiki tuifanye. Lakini zinatosha kuuliza, kutaja namba, kusema kweli juu ya mzigo, na kusema sijui. Mwaka jana shangazi alisimama mwenyewe na karatasi yake ya maneno. Mgeni mmoja alimuuliza kiasi. Akabonyeza kikokotoo, 400, akamwonesha, akasema, "Kilo. Dry. Now." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika mdomo wangu. Mgeni alinunua kilo 50 za majaribio akalipa taslimu. Si tani tano kila mwezi. Lakini kilo 50 zile zimo kwenye daftari, na risiti ninayo.

Baba Mwenyekiti, namaliza. Mimi binafsi naanza na shilingi 300,000. Msiite ukarimu, ni mwanzo wa kulipa ile milioni moja na nusu niliyoipoteza kwa tai na "No problem." Fomu za ahadi ziko mwishoni mwa kijitabu hiki, na mama Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Asiye na fedha leo achangie kwa njia nyingine: aliyewahi kusafirisha mizigo aje kutwa moja kuwaeleza, na mwenye mwanafunzi wa chuo nyumbani amlete likizo aigize mnunuzi mgumu.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakuja kila Juni, tarehe 28, bila kualikwa na sisi. Tumwandae mwenyeji.